Pampu Namba Saba

Alikuja Jumanne, mtu wa wizara,
kwa treni ya saa nne kutoka London,
viatu vyake havijawahi kuhojiwa na tope.
Jina lake Bwana Prendergast. Fomu yake kurasa kumi na nane.
Akasema: nitajieni vitu
ambavyo vikizimika leo usiku
kesho nchi haiamki.

Tukakaa ofisini, Boston ya Lincolnshire,
ambako shamba la kabichi liko chini kuliko bahari
na watu wanalala usingizi wa pono
kwa sababu mahali fulani pampu haijalala.
Tukahesabu. Transfoma nyuma ya soko.
Bomba la gesi. Daraja la reli. Mnara wa simu.
Kila kimoja akakipa alama, moja hadi tano,
kama mwalimu anayesahihisha insha ya mtoto asiyemjua.

"Na hii namba saba?"
Kibanda cha matofali ukingoni mwa mfereji,
bati limeota kutu, injini ina umri wa mama yangu.
Wendy Pocklington akaweka chini kikombe cha chai.
Miaka thelathini na mmoja ameilea pampu ile;
anajua inakohoa lini, na lini inadanganya.
"Tano," akasema. "Andika tano.
Ikinyamaza usiku kucha, asubuhi utapiga mbizi kununua mkate."

Akaandika. Palikuwa na safu ya vyuma, safu ya nyaya,
safu ya gharama. Ya Wendy haikuwepo.
Kisha akaifunga bahasha, akaigonga muhuri wa siri,
na papo hapo nikauona mzaha wake:
orodha ya vitu vya kulindwa
imekuwa kitu cha kwanza cha kulindwa.

Baada ya miezi miwili, uzio ukaja.
Waya wa miba, kamera yenye jicho jekundu,
kufuli lisilo na tundu la ufunguo,
linalotaka tarakimu sita, na tarakimu zinakaa Peterborough
kwa kijana ambaye zamu yake huisha saa kumi na moja jioni.
Ufunguo wa zamani, uliokuwa ukining'inia msumarini
nyuma ya mlango wa choo,
wakauchukua kwa risiti.

Kwetu Kilosa, umeme ukirudi mtaa mzima ulipiga makofi.
Hata wagonjwa. Hata walionuniana.
Huku sijayasikia makofi hayo.
Nani atakishangilia kisichowahi kumwacha?

Usiku wa tarehe tisa Januari mvua haikunyesha, ilimwagwa.
Adui hakutokea. Si wa bomu, si wa kompyuta.
Lilikuja godoro,
godoro bovu la mtu mmoja, lililotupwa mferejini
na mvivu wa kwenda jalalani,
likalikumbatia chekeche la chuma,
na namba saba ikanyamaza.

Wendy akabonyeza mwaka aliozaliwa. Akabonyeza mwaka wa mafuriko.
Kamera ilitutazama vizuri sana.
Nikapiga simu Peterborough: sauti ya mashine, na kinanda,
ikaniambia mimi ni wa nne kwenye foleni.
Maji yalikuwa yameshaingia kwenye kabichi.

Nikatoa mkasi wa vyuma garini.
"Hii ni jinai," Wendy akasema, akiinua tochi.
"Kata chini zaidi. Huko waya ni laini."

Tulilivuta lile godoro kwa kulabu na kwa matusi,
mikono ndani ya maji mpaka kwapani.
Kisha akaingia kibandani, akagonga nyundo mara tatu
chini ya geji, pale rangi ilipokwisha kubanduka.
Ikakohoa. Ikadanganya kidogo.
Ikashika.

Mbali, taa za mji zilikuwa zinawaka, kama zilivyowaka muda wote.
Hakuna dirisha lililofunguka.
Nikajikuta napiga makofi, viganja vimekufa ganzi,
peke yangu, katikati ya kabichi.
"Una nini wewe?" Wendy akauliza.

Jicho jekundu likanukuu kila kitu.
Saa tatu asubuhi, Peterborough,
kijana atakunywa kahawa yake na kuwaona:
wavamizi wawili, uzio uliokatwa,
na mmoja wao anashangilia.